Seva ya Kibokoni Iliyofuata Saa za Brazili

Siku niliyokabidhi funguo za ofisi, Mutua, mwenzangu wa kazi, aliniomba niandike mwongozo wa mtambo wetu, kwa kuwa, alisema, mambo mengi yamo kichwani mwangu na kichwa chenyewe sasa chaenda nyumbani. Nikamwambia mwongozo upo, niliuandika mimi, na wa kwanza asiyeusoma ni yeye. Akacheka. Lakini baada ya kukaa nyumbani kidogo, nimeshapanga makabati yote na kuanza kumpangia mume wangu viatu mpaka akaniuliza kama sina pa kwenda, nikaona heri niandike. Haya ni yale ambayo mwongozo hauna pa kuyatia. Vyeo na mishahara sitavitaja, vilikuja vilipokuja.

Nyinyi mnaoanza leo mmeikuta ofisi ina kiyoyozi na seva zimepangwa kabatini. Mimi nililikuta duka la kutengeneza taipureta. Lilikuwa papo hapo, Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, chini ya nyumba ya Bwana Firoz, na ukuta wake wa mawe ulikuwa ukitoa chumvi kila mvua zikinyesha, kama unavyotoa sasa. Bwana Firoz ndiye aliyekuwa mwenye duka, Muislamu wa asili ya Kihindi, mwembamba, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Hakuwa msemaji, ila akisema hangojei jibu. Fundi wake alikuwa Mzee Kombo, ambaye wakati huo hakuwa mzee hata kidogo. Jina alipewa kwa ukali.

Nilikuwa nimetoka kupata cheti cha uhazili, nikadhani nimeajiriwa kuandika barua. Siku ya kwanza nikapewa kiti, nikawekewa taipureta iliyotoka kutengenezwa, na Mzee Kombo akasema, "Piga."

"Nipige nini?"

"Lolote. Piga mpaka iharibike."

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo: kuzijaribu mashine kabla wenyewe hawajaja kuzichukua. Nilipiga majina ya ndugu zangu wote, nikapiga mapishi ya mama, nikapiga malalamiko yangu kuhusu kazi hii, na herufi ikikwama namwita fundi. Jioni vidole vimevimba. Nikajisemea kesho sirudi. Nilirudi kwa sababu nilipokuwa najifunga buibui, Mzee Kombo alisema bila kuinua kichwa kwamba ile herufi ya mwisho niliyoilalamikia, yeye alikuwa hakuiona. Mtu yule hakuwa na tabia ya kusifu, nami nilifahamu nimesifiwa. Mpaka leo nikipewa programu mpya naijaribu vivyo hivyo, kwa nia ya kuiharibu.

Ubishi wa wale wawili ulikuwa skrubu. Bwana Firoz naye alikuwa fundi, lakini kwenye kufunga alikuwa na haraka, na akili yake imeshahamia mashine inayofuata. Mzee Kombo hupita nyuma yake na bisibisi, akazijaribu moja moja kwa kidole gumba, na hakosi kukuta moja imelegea.

"Firoz, hii umeikaza vibaya."

"Imekaza."

"Imekaza kwa mdomo."

Kila siku ya Mungu. Mwanzo nilidhani wanagombana, nikawa naona haya kuwako. Baadaye nikafahamu kuwa ndiyo salamu yao, na siku asiposema mmoja huwa ana homa.

Kompyuta zilipoingia mjini, Bwana Firoz alinunua moja akaiweka juu ya meza, tukawa tunaizunguka kama mgeni asiyejulikana anakula nini. Mzee Kombo aliifungua akaitazama ndani. "Hakuna kinachosogea," akasema. "Sasa fundi atengeneza nini?" Bwana Firoz akamjibu kuwa taipureta zinakwisha, watu hawazileti tena, na kweli tulikuwa tunashinda tukipangusa vumbi. Basi Mzee Kombo akaenda Lamu arusini kwa jamaa zake. Aliporudi alikuta benchi lake limeondolewa, vyombo vyake vimepangwa vizuri kwenye ngazi, na mahali pake pamekaa meza ya kompyuta.

Bwana Firoz hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amemwagizia benchi jipya kwa seremala, pana kuliko lile, la kuwekwa dirishani penye mwanga. Ila hakumwambia kwanza, na kwa Mzee Kombo kuondolewa benchi nawe hupo ni kama kutolewa nyumbani. Hakuuliza wala hakungoja kuambiwa. Alitia vyombo kwenye mkoba, akaniambia, "Haya mwanangu, nakuachia," akaenda zake. Alifungua kibanda cha kutengeneza cherehani kule Majengo, na uzee ulipoingia kwelikweli akahamia Msambweni kwa bintiye. Benchi la seremala lilikuja. Ndilo hilo mnaloweka birika la chai.

Kila Idi Bwana Firoz huniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua, "Kombo hajambo?" Nami nikienda kumtazama Mzee Kombo, huniuliza, "Yule bado yuafunga vibaya?" Nilimwambia kila mmoja amwendee mwenzake. Kila mmoja alinijibu kuwa yeye hana neno na mtu, mlango uko wazi. Milango ikakaa wazi miaka yote hiyo na hapakupita mtu. Iliniuma, kwa sababu nilichokijua cha kazi nilifundishwa na hao wawili, na nilikuwa siwezi kumtaja mmoja mbele ya mwenziwe bila kuharibu chai.

Nitairuka miaka ya kutengeneza kompyuta, kwa kuwa yote ilikuwa vumbi na umeme kukatika. Ikafika siku ambapo wateja wetu, madrasa, zahanati, mawakala wa forodha, wote wanataka programu zao ziwe kwenye mtandao. Wenzetu wengine waliziweka kwenye seva za kukodi ng'ambo. Bwana Firoz alikataa. "Mimi nataka kitu nikikigusa nikisikie joto," alisema, na ndivyo chumba cha nyuma kilivyojaa seva. Wakati huo ndipo alipokuja Mutua, kijana wa Machakos, msomi wa programu, mpole kupita kiasi. Alikuja kwa kazi ya muda tu, mpaka leo yupo, na siku hizi anakula mkate wa sinia kuliko mimi. Mutua ndiye aliyetuletea mtambo.

Kwa ambaye hajaujua: zamani kila programu tuliifunga kwa mkono kwenye seva, na kila seva ilikuwa na siri zake. Mtambo umeondoa hayo. Wausukumia msimbo mtupu, vile ulivyouandika, nao waujenga mpaka ukawa programu inayofanya kazi. Ujenzi huo hufanywa na bildipaki, na kila bildipaki yaijua lugha yake: ipo ya Python, ipo ya JavaScript, ipo ya Java. Jina hilo lilimkwama Bwana Firoz ulimini, akaziita wapishi, na sote tukafuata. Mpishi huletewa kapu la msimbo akachungulia. Akiona faili analolitambua, husema hili langu, huagiza viungo, hupika, akakabidhi chungu kilichofunikwa tayari kupelekwa mezani. Asipolitambua, humpisha anayemfuata kwenye foleni.

Ubaya wa wapishi ni kwamba wa kwanza kusema "langu" ndiye anayepika. Programu ya madrasa moja iliandikwa kwa Python, lakini aliyeiandika aliacha juu ya kapu faili dogo la JavaScript alilokuwa akilitumia kupamba kurasa. Mpishi wa JavaScript alikuwa wa mbele, akaliona, akapika. Akamaliza kwa furaha na kuandika kwa rangi ya kijani kuwa kazi imefaulu. Programu haikuwaka. Tulitafuta kosa kwenye msimbo mpaka macho yakauma, na kosa halikuwa kwenye msimbo. Tangu hapo ni sheria: mtambo usiachwe ukisie. Andikeni kwenye mipangilio mpishi ni nani, kama ni wawili nani atangulie, na ni toleo gani la lugha, kwa namba yake kamili. Mkiandika "toleo jipya kabisa" mtaletewa jipya kabisa siku msiyolitaka.

Ubaya wa pili aliuona Bwana Firoz mwenyewe. Siku moja mkongo wa baharini uliharibika, mtandao ukawa wa kutambaa, nasi tulikuwa tukijenga programu ya zahanati. Ujenzi ukakwama katikati. Bwana Firoz akauliza kulikoni, Mutua akamweleza kwamba mpishi anangoja viungo kutoka ng'ambo.

"Mpishi ni wangu," akasema Bwana Firoz. "Jiko langu. Kapu langu. Halafu chumvi iko Ulaya?"

Akaamua tuwe na ghala letu, seva moja ya kuhifadhi nakala ya kila kitu ambacho mpishi yeyote anaweza kukiagiza. Mutua alimwambia, kwa adabu, kuwa vitu vingine hatutavihitaji maishani. Bwana Firoz alikuwa ameshaondoka kwenda kutafuta vipuri. Seva ile aliiunda kwa mikono yake kutokana na mashine kuukuu, akaifunga mwenyewe, na wakati huo alikuwa mtu mzima ambaye ngazi tu zamtoa pumzi. Kila akipata nafasi hushuka, akaketi mbele yake, akavuta vitu. Nikimuuliza hiki ni cha nini husema, "Hakijaniambia."

Sasa nifike kwenye Tangazo. Wengi wenu mmeikuta imeshatulia. Ni programu ya kamati ya maziko ya mtaa. Mtu akifariki, katibu wa kamati, Ustadh Salim, hutia kwenye simu yake jina la marehemu, msikiti na saa, na programu hupeleka ujumbe kwa kila aliyejiandikisha, mpaka Malindi na Kwale. Sisi huzika siku ile ile, kwa hivyo ujumbe ule ni wa maana. Na kwa jinsi matapeli wa simu walivyojaa, watu huamini namba ya kamati peke yake. Ujumbe mwingine wowote wa msiba unaonekana ni mtu anataka kutumiwa kitu.

Tangazo iliandikwa zamani na Swaleh, kijana wa papa hapa mtaani ambaye baadaye alikwenda kufanya kazi Ghuba. Swaleh aligongana na jambo ambalo nyote mnalijua bila kulifikiria. Simu yasema kumi na sita, sisi twasema saa kumi. Kompyuta huanza kuhesabu siku usiku wa manane, sisi twaanza jua likitua na likichomoza. Swaleh, badala ya kuandika hesabu ya kugeuza, alifanya ujanja. Aliiambia programu kwamba inaishi katika mji mmoja wa pwani ya Brazili, ambako saa ziko nyuma yetu kwa saa sita kamili. Kukiwa saa kumi Mombasa, kule saa yao inaonyesha kumi. Kisha akaweka kanuni: ikizidi kumi na mbili, ondoa kumi na mbili uandike "usiku", isipozidi, andika "mchana". Basi miaka yote hiyo watu wa Mji wa Kale wamezikana kwa saa za Brazili na hakuna aliyejua, kwa sababu ilikuwa sawa kila siku.

Wakati wa kuihamishia Tangazo kwenye mtambo, kazi hiyo ilimwangukia Mutua. Alipokuwa akipanga mipangilio yake akakuta imeandikwa Brazili. Alifanya ambalo fundi yeyote mwenye akili timamu angelifanya: akaifuta, akaandika Nairobi. Programu ikajengwa, ikawaka, tukamshukuru Mungu tukanywa chai.

Msiba wa kwanza baada ya hapo ulikuwa wa Bwana Firoz.

Alifariki alfajiri, nyumbani kwake, juu ya duka, baada ya kuswali. Nilipofika asubuhi nilikuta mlango wa duka umefungwa nusu, nikafahamu kabla sijaambiwa. Nilikaa ngazini nikalia, kwenye ngazi zile zile zilizowekwa vyombo vya Mzee Kombo. Kisha nikajifuta, nikamfungulia Mutua mlango, kwa sababu ujumbe utatoka kwenye mitambo yetu, na Bwana Firoz hakupenda seva ziachwe bila mtu.

Familia ikaamua maziko yawe baada ya Alasiri, saa kumi. Kitu cha kwanza nilichokifikiria, naapa, kilikuwa Mzee Kombo. Familia haikuwa na namba yake, wala isingempigia hata ingekuwa nayo. Watoto walikuwa wamekua wakijua tu kwamba yupo mtu aliyeondoka. Lakini Mzee Kombo amejiandikisha Tangazo, niliyemwandikisha ni mimi. Nikasema ataona. Na akiona, atakuja au hatakuja, lakini atakuwa ameambiwa.

Karibu na adhuhuri Ustadh Salim akanipigia.

"Bi Esha, poleni sana. Nauliza tu. Mbona mwamzika mtu usiku?"

"Usiku vipi?"

"Ujumbe wasema leo saa nne usiku. Mimi nimetia saa kumi ya alasiri. Watu wa Malindi washanipigia, wasema watatoka jioni."

Nilifungua simu yangu, na kweli. Maziko ya Bwana Firoz ni leo saa 4 usiku. Nikampa Mutua asome. Aliusoma, akafungua ule mstari wa Nairobi.

"Nilidhani narekebisha," akasema.

"Hata mimi ningedhani. Sasa tufanye kazi."

Nilimpigia Mzee Kombo. Akashika, akasema, "Nani? Siskii. Niandikia," akakata. Masikio yamekwisha, maskini. Nikamwandikia kuwa ni mimi, na maziko ni saa kumi alasiri, ile ya usiku ni makosa. Jibu likaja upesi: "Tapeli we. Kamati imesema usiku." Namba yangu nilikuwa nimeibadilisha na sikumwambia. Namba ya bintiye sikuwa nayo. Msambweni ni mbali, na kuna kivuko cha Likoni katikati. Mtu wa kwenda kumchukua asingewahi kumrudisha. Palibaki njia moja, ujumbe wa pili kutoka kwa namba ya kamati, na ujumbe wa kamati hutoka Tangazo tu.

Mutua alijaribu kwanza kuidanganya programu. Kwa vile sasa inafuata Nairobi, akatia saa nne ya asubuhi ili iandike "saa 10 mchana". Ikakataa: saa hiyo imeshapita. Basi akarudisha Brazili kwenye mipangilio, akaiwasha upya, akatazama ujumbe wa majaribio. Saa 1 usiku.

"Imezidi kuharibika," nikasema.

Alikuwa ameshaanza kusoma. Kumbe chungu ambacho mpishi wa Python hupikia ni chepesi mno. Hakina ndani yake jedwali la saa za dunia. Ukikiambia Brazili, hutafuta jedwali, hukosa, na badala ya kulalamika hunyamaza na kufuata saa ya Uingereza. Nairobi ilikuwa imefuatwa kwa sababu msimbo wa Swaleh ulikuwa tayari na tofauti ya saa zetu kwa namba, bila kuhitaji jedwali. Najua wajuzi mtasema ipo namna ya kuiandika na tofauti ya Brazili kwa namba, bila jedwali. Ipo. Niliisoma baadaye, msiniandikie.

Dawa tuliyoijua ilikuwa kuongeza mpishi wa pili, asiye wa lugha bali wa vifaa vya mfumo, alete jedwali, na ilibidi atangulie mbele ya mpishi wa Python. Mutua akampanga mbele, akaanza ujenzi. Mstari wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, kisha ukasimama. Mtandao siku ile ulikuwa mzito kama uji. Mpishi alikuwa amesimama mlangoni akingoja jedwali kutoka ng'ambo, na juu yetu nasikia nyayo za watu wakimwosha Bwana Firoz.

Hapo ndipo nilipokasirika. Sijui nilimkasirikia nani. Nikasema kwa sauti, "Jiko lake, kapu lake, na chumvi bado iko Ulaya."

Mutua akageuka. "Ghala," akasema.

Wapishi wa lugha wote tulikuwa tumewaelekeza ghalani. Huyu wa vifaa hatukuwa tumemtumia hata mara moja, kwa hivyo anwani yake ilikuwa bado ya ng'ambo. Ilikuwa kubadilisha mstari mmoja wa mipangilio. Lakini je, jedwali limo? Hakuna aliyewahi kuliomba. Mutua akatafuta, nami nimesimama nyuma yake nimeshika mgongo wa kiti. Lilikuwamo. Bwana Firoz alilivuta kimyakimya siku moja kati ya zile siku zake za kuketi mbele ya ile seva, na halikuwa limemwambia ni la nini.

Ujenzi ukapita wote kwa muda wa mtu kuvaa viatu. Ujumbe wa majaribio ukasema saa 10 mchana. Nikampigia Ustadh Salim, akabonyeza kitufe cha kurudia tangazo, na simu yangu ikalia mezani, na ya Mutua ikalia, na kutoka juu nikasikia simu za watu zikilia moja baada ya nyingine. Baada ya muda mfupi nikapata ujumbe kwenye ile namba aliyoitukana. Neno moja: "Naja."

Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hivyo nilisimama mlangoni mwa duka. Jeneza lilishushwa ngazi kwa taabu, zile ngazi nyembamba mnazijua, likatoka kwenye kichochoro, na wanaume wakaanza kupokezana mabega kuelekea msikitini. Wa Malindi walikuwapo. Mutua alikuwa pembeni, amevaa kofia aliyoazimwa, akitembea nao. Nilitafuta uso mmoja tu na sikuuona. Nikajiambia feri imemchelewesha. Nikajiambia angalau ameambiwa. Haikunitosha, na sitawadanganya kuwa ilinitosha.

Walikuwa wamefika pembeni, karibu kupinda, tuktuk ikasimama mbele yao. Akashuka Mzee Kombo, kanzu imepinda, mkoba begani. Hakumsalimu mtu. Aliupitisha mkoba kwa mtu wa kwanza aliyemwona, akapenya, na wale vijana wakampisha bila kujua ni nani, wakaona tu ni mzee anayetaka zamu. Akatia bega. Wakapinda kona, sikuwaona tena. Nikaingia ndani nikafunga mlango, nikalia vizuri.

Mipangilio ile bado ipo kwenye Tangazo. Mutua alitaka kuandika upya hesabu za saa kwa njia inayofaa, na siku moja ataandika. Kwa sasa ameweka juu ya mstari wa Brazili maneno kwa herufi kubwa: NI SAHIHI, MSIREKEBISHE. Nawaomba mumtii.

Matanga yalipokwisha, tulikuwa dukani mimi na Mutua, Mzee Kombo akaingia bila hodi, kana kwamba ametoka kununua sigara. Alisimama mbele ya benchi la seremala. Akalipapasa kwa kiganja.

"Hili la nani?"

"Lako," nikasema, na ilibidi nipaze sauti mpaka nje wakasikia. "Alikuagizia. Lilikuja wiki ile ile uliyoondoka."

"Hukuniambia," akasema.

"Nilikwambia kila Idi uje umtazame. Ungekuja ungeliona."

Akauliza ni mashine gani iliyomwita. Nikamwonyesha Tangazo iliko, lakini nikamwambia kama si hii nyingine, ghala, asingeitwa kwa wakati, na hii aliiunda Firoz mwenyewe, kwa mikono yake. Mzee Kombo akaweka mkono juu ya ghala.

"Ina joto," akasema.

Kisha kidole gumba chake kikaanza kutembea juu ya kifuniko, pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne kikasimama. Akatazama juu, darini, ilipo nyumba ya Firoz. Akafungua mkoba akatoa bisibisi.

"Firoz," akasema, "hii umeikaza vibaya."

Akaikaza taratibu, akaijaribu, akarudi kuketi kwenye benchi lake na kuomba chai.